Ofisi ndani ya godauni: Mlango mmoja ni mtego

Kila linapotokea janga la moto nchini, tunazungumza wiki mbili kisha tunanyamaza. Februari 2024 ilikuwa Embakasi, Nairobi, pale gesi iliporipuka usiku na moto ukaingia katika nyumba za watu na hata katika godauni la nguo lililokuwa karibu. Septemba mwaka huo huo ilikuwa bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri, na wavulana 21 wakafa. Mijadala yetu huishia kwenye mabweni na kwenye gesi. Sisi wa Pwani tuna mahali pengine pa kuangalia, mahali ambapo ndugu zetu, wake zetu na wana wetu huingia kila asubuhi kutafuta riziki: ile ofisi ndogo iliyo ndani ya godauni.

Mombasa ni mji wa bandari, na mji wa bandari ni mji wa magodauni. Shimanzi, Changamwe, Mbaraki, Miritini, Jomvu, kote huko kuna paa za mabati zilizofunika mali ya mamilioni: chai inayongoja mnada, mchele, sukari, marobota ya mitumba, magodoro, rangi, matairi, vyombo vya plastiki. Na karibu kila godauni lina ofisi. Sisemi ofisi ya tajiri. Tajiri ana yake mjini. Nasema chumba cha karani. Kuta zake ni playwudi au jipsamu, kimesukumwa pembeni, ama kimeinuliwa juu ya nguzo za chuma ili chini yake papangwe bidhaa. Mna meza, kompyuta, printa, feni, birika la umeme, na pengine friji ndogo. Dirisha, kama lipo, lina vyuma. Mlango ni mmoja, nao unafungukia ndani ya godauni.

Hapo ndipo penye mtego. Moto ukianzia ndani ya ofisi, karani atauona na atakimbia. Ukianzia nje, kule kwenye marobota, yeye ndiye wa mwisho kujua, na njia yake ya kutoka ni kupita katikati ya huo moto.

Wataalamu wa usalama wa moto wanakiita chumba cha namna hiyo chumba cha ndani, yaani chumba ambacho huwezi kutoka ila upitie chumba kingine. Uingereza, ambako kanuni zetu nyingi za majengo zilichukuliwa, mwongozo wao haukatazi moja kwa moja vyumba vya aina hiyo, lakini unaviwekea masharti. Angalau moja kati ya mambo matatu liwepo: ama ukuta wa chumba uishie nusu mita au zaidi chini ya dari ili aliye ndani aone na anuse moshi mapema; ama kuwe na kioo mlangoni au ukutani cha kumwezesha kuona kinachoendelea nje; ama kile chumba cha nje kiwekewe kitambuzi cha moshi chenye kengele inayosikika ndani. Juu ya hayo, kile chumba cha nje kisiwe mahali penye hatari kubwa ya moto.

Sasa pima magodauni yetu kwa kipimo hicho. Ofisi imezibwa hadi juu ili baridi ya AC isitoke. Kioo hakuna, au kipo lakini kimebandikwa kalenda na ratiba ya meli. Kitambuzi cha moshi hakuna. Na chumba cha nje kimejaa magodoro. Katika hali kama hiyo hata kioo na kengele havitoshi. Dawa ni moja: ofisi ipewe mlango wake wa kutokea nje, uani au barabarani, bila ya kupita kwenye bidhaa. Na kama ofisi imejengwa katikati ya godauni, basi ihamishwe hadi ukuta wa nje, mlango upasuliwe hapo.

Wengi wetu tunadhani moto huua kwa kuunguza. Mara nyingi anayeua ni moshi, tena kabla ya moto wenyewe kufika. Moshi una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayomlegeza mtu mpaka akashindwa kunyanyua mguu. Sponji ya magodoro na viti ikiungua hutoa pia gesi ya sianidi, ambayo ni sumu kali zaidi. Na moshi wa moto hupanda juu. Katika godauni refu hukusanyika chini ya mabati, kisha hushuka taratibu kama maji yanayojaza pipa kichwa chini. Kwa hiyo ile ofisi iliyoinuliwa juu ya nguzo, ambayo sisi huiona ndiyo bora kwa sababu ina hewa na karani anaona vibarua wote, ndiyo inayofikiwa na moshi mwanzo. Aliye chini huenda bado anapumua vizuri huku aliye juu ameshaanza kukohoa, na ngazi yake inateremkia mle mle kwenye bidhaa.

Haya si mambo ya kubuni. Tarehe 11 Septemba 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua mjini Karachi, Pakistani. Mji huo si mgeni kwetu: mchele wake tunaula, na chai inayouzwa katika mnada wa Mombasa, Pakistani ndiye mnunuzi wake mkubwa. Watu zaidi ya 250 walikufa siku ile. Madirisha yalikuwa na vyuma. Milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Ndani kulikuwa na dari ya mbao iliyoongezwa baadaye ili kupata nafasi zaidi. Na wiki chache kabla ya moto, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa kinachosema kinajali wafanyakazi wake.

Mwaka 2020 mahakama ya huko iliwahukumu watu wawili kwa kosa la kukitia moto kiwanda hicho makusudi. Wapo wanaosema basi lile lilikuwa shambulio, milango haina lawama. Mimi naona kinyume chake. Uwe moto wa waya, wa sigara au wa adui, aliyeuwasha ni mmoja na kilichowazuia watu kutoka ni kingine. Adui huwezi kumjua kabla hajaja. Mlango unaujua, ufunguo wake uko mfukoni mwako.

Na tusiende mbali. Machi 1998, hapa hapa Pwani, wasichana 26 wa shule ya upili ya Bombolulu waliteketea bwenini. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka zaidi ya 25 imepita, na bado tunajenga vyumba kwa mtindo ule ule na kuwaweka watu ndani.

Ukimuuliza mwenye godauni kwa nini amefunga kila upenyo, jibu lake ni neno moja: wizi. Sitaki kulidharau jibu hilo. Wizi upo. Robota moja likitolewa kwa mlango wa nyuma ni hasara, na mara nyingine mwizi ni mtu wa ndani. Mfanyabiashara aliyekopa ili kukomboa kontena ana haki ya kulinda mali yake. Lakini swali si kuchagua kati ya mali na roho. Mlango unaweza kufungwa kwa aliye nje na ukawa wazi kwa aliye ndani. Kuna kufuli za kuzungusha kwa mkono upande wa ndani, zisizohitaji ufunguo. Kuna milango yenye chuma cha kusukuma kwa kifua au mkono, na ukisukumwa kengele inalia godauni zima, hivyo mwizi hawezi kuutumia kimyakimya. Kuna vyuma vya dirisha vyenye bawaba na komeo ya ndani, fundi yeyote wa Changamwe anaweza kuvichomelea. Mwenye uwezo wa kutoa kontena bandarini hawezi kuniambia kwamba hana pesa za bawaba.

Kuna desturi nyingine mbili ambazo lazima tuziseme wazi. Ya kwanza ni ya Ijumaa. Saa sita na nusu wanaume wanakwenda msikitini, na karani wa kike anabaki ofisini na pesa za mauzo ya asubuhi. Kwa nia njema, ili asivamiwe, mlango mkubwa wa godauni unavutwa na kufungwa kwa nje. Ya pili ni ya usiku, mlinzi kufungiwa ndani mpaka asubuhi na ufunguo kuondoka na msimamizi. Nimeyaona yote mawili, na waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakifikiria mwizi, hawakufikiria moto. Lakini kumfungia binadamu ndani ya jengo lililojaa vitu vya kuungua, bila ya njia ya kujifungulia, haliwezi kuitwa ulinzi.

Sheria haiko kimya. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na kanuni za kupunguza hatari za moto kazini za mwaka huo huo. Zinataka kila mahali pa kazi pakaguliwe usalama wa moto kila mwaka, na mazoezi ya kutoka wakati wa moto yafanywe angalau mara moja kwa mwaka. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka kuwe na kamati ya usalama. Mfanyakazi anayelalamika kwa dhati kwamba mahali pake pa kazi si salama hafai kuadhibiwa wala kufutwa kwa sababu hiyo. Sheria pia imemtaja mwenye jukumu: ni yule anayekalia na kuendesha mahali pa kazi. Hili ni muhimu kwa Mombasa, kwa sababu magodauni mengi ni ya kukodi. Mpangaji husema ukuta si wangu, siwezi kuutoboa. Mwenye jengo husema biashara si yangu, hayanihusu. Mpangaji akumbuke kwamba ofisi ile ameijenga yeye. Aliyeweza kujenga chumba cha playwudi bila kumuuliza mtu, asijifiche nyuma ya mkataba likija suala la mlango.

Tatizo lipo pia katika mpango wa serikali. Ukaguzi wa usalama kazini uko chini ya serikali kuu. Zimamoto, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti. Anayejua hatari iliyomo godaunini si lazima awe ndiye atakayekuja kuuzima moto. Na mfanyabiashara wa kawaida hukutana na zimamoto mara moja kwa mwaka, wakati wa leseni. Cheti kinapochukuliwa kama risiti ya malipo, kinaning'inizwa ukutani na habari zinakwisha. Karachi pia walikuwa na cheti.

Ningependa kuwauliza wawakilishi wetu wa wadi maswali mepesi. Je, kaunti ina orodha ya magodauni yote na kilichomo ndani ya kila moja? Wazimamoto wakiitwa Shimanzi saa nane usiku, wataambiwa na nani kwamba mle ndani mna tina ya rangi au mna mchele? Agosti 2020, katika bandari ya Beirut, godauni liliwaka moto na wazimamoto wakatumwa. Ndani yake kulikuwa na tani 2,750 za amonia naitreti zilizokaa pale kwa miaka. Wazimamoto wale walikuwa miongoni mwa watu zaidi ya 200 waliokufa. Mji wa bandari usiojua kilichomo katika maghala yake unawapeleka vijana wake gizani. Na gari la zimamoto lenyewe litapita wapi, kwa msongamano wa malori tunaoujua sote? Ndiyo maana namwambia kila afanyaye kazi godaunini: dakika za mwanzo ni zako mwenyewe. Panga kama kwamba hakuna atakayekuja.

Jambo jingine ambalo halisemwi ni majina. Godauni likishusha kontena, huingia vibarua na makuli kumi, kumi na tano, wengine walioitwa asubuhi ile getini. Hawaandikwi popote. Moto ukitokea, nani anajua wangapi walikuwa ndani na wangapi wametoka? Wazimamoto huulizia hilo mwanzo, na jibu huwa ni kelele. Daftari moja la shilingi mia, linalokaa getini na si ofisini, lingetosha. Kila aingiaye anaandikwa, kila atokaye anakatwa. Liko na faida ya pili. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi, pia ya mwaka 2007, inawapa wategemezi wa mfanyakazi aliyekufa kazini mapato yake ya miezi 96. Lakini mjane wa kibarua atathibitisha vipi kwamba mumewe alikuwa kazini siku hiyo, ikiwa jina lake halikuandikwa mahali popote?

Nije sasa kwenye mambo ya ndani ya chumba, maana si kila hatari yatoka nje. Ekstensheni moja inayobeba birika, friji, feni na chaja nne za simu ni moto unaosubiri siku yake. Birika na friji zichomekwe moja kwa moja ukutani, na kila kitu kizimwe jioni. Fundi wa kuchomelea asiruhusiwe karibu na marobota. Akishamaliza, abaki mtu pale kwa saa nzima akiangalia, kwa sababu cheche huweza kujificha ndani ya pamba na kuwaka watu wakiwa wameshaondoka. Mahali pa kuchajia betri za foklifti pawe na hewa, kwa sababu betri hizo hutoa gesi ya haidrojeni zikichajiwa. Na kwa heshima kubwa nitaje chetezo. Tunapenda kufukiza ubani na udi asubuhi ya kufungua biashara, na hakuna ubaya. Lakini makaa ya chetezo yakiachwa juu ya kabati la faili, karibu na mapazia, huku mwenye kufukiza ameitwa kwenye mizani, hiyo si baraka tena. Fukiza ukiwa umesimama hapo, kisha uyazime makaa kwa maji.

Mtungi wa kuzimia moto nao una elimu yake. Wa maji usiutumie kwenye umeme wala mafuta. Wa unga hufaa kwa moto wa aina nyingi, lakini ukiufyatua ndani ya chumba kidogo hutaona mlango ulipo na utakabwa na pumzi. Wa gesi ya kaboni daioksaidi unafaa kwa kompyuta na nyaya, ila gesi yake hufukuza hewa, kwa hiyo usijifungie nao. Popote utakapouweka, uwe karibu na njia ya kutokea, ili anayeufuata awe anaelekea nje wala si ndani. Na kama moto umeshashinda ukubwa wa pipa la taka, achana na mtungi, toka.

Najua nitaambiwa, kama nilivyoambiwa mara nyingi barazani: bwana, ajali haina kinga, na ajali ikifika imefika, ni kadari ya Mola. Ninaamini kadari kama mwanangu na jirani yangu wanavyoiamini. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Na ni yeye aliyetuagiza tuzime moto majumbani kabla ya kulala, akatuonya kwamba moto ni adui. Asiyeziba njia ya hatari kisha akasema ni kadari, anamsingizia Mola uzembe wake mwenyewe. Mfanyakazi aliye chini yako ni amana. Siku ya kuulizwa hatutaulizwa juu ya robota lililoibwa tu.

Kwa wenye magodauni, ombi langu si la gharama kubwa. Wiki hii ingia ofisi ya karani wako, keti kwenye kiti chake, na fikiria moto uko pale penye bidhaa. Utaujuaje? Utatokea wapi? Nani ana ufunguo? Ukikosa jibu la moja kati ya hayo matatu, mwite fundi.

Kwa makarani, walinzi na vibarua: semeni. Msemee pamoja, si mmoja mmoja, na msemee mapema. Ulizeni mazoezi ya moto yatafanywa lini, na mkusanyiko ni wapi mkishatoka. Haya ni haki yenu kisheria.

Na kwa kaunti zetu za Pwani, kuanzia Mombasa hadi Kilifi na Kwale ambako magodauni mapya yanajengwa kando ya barabara kuu: leseni ya mwaka ujao isitolewe kabla mkaguzi hajaingia mpaka ndani ya ile ofisi ndogo na kuutafuta mlango wa pili kwa macho yake. Asipouona, asitie sahihi.